Mashua ya Tanga Baada ya Safari: Kutambua Dalili, Kutafuta Chanzo na Kurekebisha, kwa Vyombo vya Mtwara na Lindi

Mashua ya mbao inayosafiri kwa tanga katika pwani ya kusini ya Tanzania, iwe ya wavuvi wa Msimbati, ya wabeba mizigo wa Kilwa Kivinje au ya mwenyeji wa Mikindani anayeitumia kwa matembezi, huonyesha ubovu wake ikiwa majini, lakini mara nyingi ubovu huo huwa umeanza ikiwa imetulia pwani. Nahodha anayeona maji yakipanda katika ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua, wakati kusi, upepo wa kusini, inavuma huilaumu bahari, ilhali chanzo kinaweza kuwa jua la siku alizoiacha mashua juu ya mchanga bila kifuniko, au maji ya mvua yaliyosimama chini ya vibao vya sakafu tangu Februari. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na dalili kama zinavyoonekana safarini, kisha unarudi nyuma kutafuta chanzo katika yale yaliyofanywa, au yaliyoachwa, baada ya chombo kutia nanga.

Kuna jambo moja linalopaswa kueleweka kabla ya mengine, kwa sababu wengi hulifahamu kinyume. Maji ya chumvi si adui mkubwa wa ubao. Kuvu wanaoozesha mbao hustawi penye hewa na unyevu wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na chumvi huwadhoofisha. Ndiyo maana ubao ulio chini ya mstari wa maji hutobolewa na viumbe wa baharini lakini hauozi upesi, wakati ubao wa juu unaolowa mvua huoza hata kama hakuna mdudu aliyeugusa. Kwa tanga, kamba na vyuma mambo ni tofauti kabisa: chumvi iliyobaki hunasa unyevu wa hewa kila usiku, hutafuna chuma, na chembe zake hukwaruza nyuzi kila kitambaa kinapokunjwa. Usafi wa baada ya safari kwa hiyo unahitaji maji ya aina mbili. Ngama, mataruma (mbavu za mashua) na mbao za ndani huoshwa kwa maji ya bahari, kisha maji hayo hufuliwa, yaani hutekwa na kumwagwa nje, mpaka tone la mwisho. Tanga, kamba, makapi (magurudumu ya kupitishia kamba) na vyuma vya usukani husuuzwa kwa maji ya kisima au ya mvua. Anayeosha mashua nzima kwa maji ya bomba kwa nia ya kuitunza, kisha akaacha maji hayo yatuame kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa mashua, anaikaribisha kuvu ndani ya chombo chake.

Majira nayo yana sehemu yake katika kutambua chanzo. Mtwara na Lindi zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na sehemu kubwa ya msimu huo huangukia wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini. Baadaye kusi huja na miezi mikavu ya jua na upepo mkali. Mashua ileile, katika ufuo uleule, hutishiwa na kuoza katika nusu moja ya mwaka na kukauka hadi kupasuka katika nusu nyingine. Dalili inayofanana inaweza kuwa na chanzo tofauti kwa kutegemea mwezi ilipojitokeza, na fundi mzuri wa vyombo huuliza swali hilo kabla ya kushika nyundo.

Maji yanaingia ndani

Maji yakionekana katika ngama, jambo la kwanza ni kuyagusa kwa ncha ya ulimi na kuyatema. Yakiwa hayana chumvi, yametoka mvuani au kwenye barafu ya samaki, na hakuna haja ya kutafuta ufa chini ya mashua. Tatizo hilo ni la kuoza na limeelezwa mbele. Yakiwa ya chumvi, kinachofuata ni kuangalia yanaingia wakati gani, kwa maana wakati wa uvujaji hueleza chanzo vizuri zaidi kuliko wingi wa maji yenyewe.

Mashua inayovuja sana mara tu inaposhushwa, kisha ikapunguza uvujaji saa baada ya saa hadi siku ya pili, ina mbao zilizokauka. Ubao hunywea unapopoteza unyevu na huvimba unapoupata tena, na nafasi kati ya ubao na ubao hufunguka au kufunga kwa kadiri hiyo. Hali hii ni ya kawaida wakati wa kusi kwa mashua iliyokaa juu kwa wiki mbili au tatu. Tiba yake ni kuilowesha kabla ya kuihitaji: magunia yaliyochovywa baharini yatandazwe ndani juu ya mbao, yamwagiwe maji ya bahari asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, na ubavu unaopigwa na jua la mchana ufunikwe kwa makuti. Kisha mashua ishushwe katika maji ya kina kifupi na mtu akae karibu kufua maji.

Lisilofaa ni kuzijaza nyufa hizo pamba ngumu, lami au saruji wakati mbao zingali kavu, na jambo hili linaonekana katika fukwe nyingi kila mwaka. Mashua inapotiwa majini, mbao huvimba na kukuta nafasi yake imekwisha kuzibwa na kitu kisichobonyea. Nguvu ya ubao unaovimba ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Husukuma mpaka misumari ing'oke kwenye mataruma au taruma lenyewe lipasuke, na mwenye chombo akaanza na uvujaji mdogo wa siku moja na kuishia na ukarabati wa mwezi mzima. Saruji ina ubaya wa pili, kwamba haiungani na ubao, bali huacha upenyo mwembamba ambamo maji hukaa yasikauke kamwe.

Uvujaji unaotokea tu wakati mashua imelala kwa upepo, yaani imeinamia upande mmoja, una vyanzo viwili vinavyoweza kutenganishwa kwa kugeuza tanga. Ikiwa maji yanaingia upepo ukiwa upande mmoja na kukoma ukiwa upande wa pili, ufa uko juu, katika mbao ambazo kwa kawaida hazigusi maji na ambazo jua limezikausha, kwenye ubavu uliokuwa umezama. Ikiwa maji yanaingia kila upepo unapokuwa mkali, bila kujali mashua imelalia upande gani, inafaa kuangalia chini ya mlingoti. Tanga lililojaa upepo huusukuma mlingoti chini na pembeni, na ubao ulioungana na mkuku mahali pale huchezacheza, ukaitapika pamba ya kalafati, ile inayoziba nafasi kati ya mbao, kidogo kidogo. Hapo kukalafati peke yake hakutoshi, kwa sababu pamba mpya itatapikwa vilevile. Lazima kikalio cha mlingoti na mataruma ya jirani yakazwe kwanza.

Uvujaji usiobadilika, mashua iwe imefungwa au inasafiri, katika utulivu na katika mawimbi, unatoka mahali palipo chini ya maji wakati wote: kalafati iliyooza, tundu la msumari ulioliwa na kutu, au njia ya mtobozi wa mbao. Mahali penyewe hupatikana vizuri zaidi wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Mashua huingizwa ufukoni maji yakiwa yamejaa, huegemezwa kwa magogo ili isilale kwa kishindo, na maji yakishapwa huachwa mpaka ngozi yake ya nje ikauke. Kisha maji ya bahari humwagwa ndani kwa ndoo mpaka yafunike sehemu ya chini ya mataruma tu, wala yasizidi hapo, kwa kuwa mashua iliyo nchi kavu haina bahari ya kuibeba kwa nje na uzito wa maji unaweza kuifungua zaidi. Baada ya muda mfupi michirizi huonekana nje, na kila mahali panapotoka maji hupigwa alama ya mkaa. Katika ghuba ya Mikindani na mlango wa Lindi, ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kuna saa za kutosha za kufanya kazi hii na kuanza ukarabati kabla ya maji kurudi.

Penye alama, pamba ya zamani hutolewa yote hadi ubao mzima ufikiwe. Pamba mpya husokotwa, huchovywa katika sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, na kuingizwa kwa chembeu, patasi ya kukalafati, na nyundo ya mbao. Kiasi hujulikana kwa mkono na kwa sikio: mlio wa nyundo hubadilika kutoka butu kuwa mkavu pamba inaposhikana, na hapo ndipo pa kuacha. Kuendelea kupiga baada ya mlio kubadilika ni kutanua nafasi badala ya kuiziba. Ikiwa chanzo ni msumari, michirizi ya kutu huonekana ikishuka kutoka kichwani mwake, na ubao unaouzunguka huwa mweusi na mlegevu, kwa sababu kutu ya chuma hushambulia mbao zilizo jirani nayo. Msumari mpya haupigwi katika tundu lilelile. Tundu huzibwa kwa kigingi cha mti kilichopakwa sifa, na msumari uliochovywa zinki hupigwa pembeni, mahali penye ubao imara.

Mashua imekuwa nzito

Nahodha huanza kwa kusema kwamba upepo ni dhaifu, kisha huona wenzake wakimpita. Chanzo cha kwanza cha kuangaliwa ni tumbo la mashua. Mwani wa kijani na vigamba vyeupe vyenye ncha kali hujishikiza kwenye ubao wa chini ndani ya wiki chache tu za kukaa majini, hasa mashua isiyotembea, na vikishakua huzuia maji kuteleza kwenye ubavu. Usafi wake ni rahisi ukifanywa wakati mashua ingali mbichi kutoka majini: kifuu cha nazi au kipande cha ubao kilichochongwa kama patasi huvikwangua bila kuujeruhi mti. Vikiachwa vikauke juani, magamba hushika kama saruji, na anayevitoa kwa panga hutoka na vipande vya ubao. Kusugua kwa mchanga hakupendekezwi pia, kwa kuwa huuacha ubao na ukwaru ambao vijidudu vya baharini hupenda kujishikiza.

Baada ya kukwanguliwa na kukauka, tumbo hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama, kwa mkono wenyewe, ukisukumwa mpaka uingie katika vinyweleo vya mti. Deheni haidumu kama rangi za viwandani, lakini huwa laini, hivi kwamba kinachojishikiza juu yake hutoka pamoja nayo, na mwenye mashua anaweza kuitengeneza mwenyewe. Chokaa ya dukani inatosha kabisa. Kuchoma matumbawe kwa ajili ya chokaa, kazi iliyofanyika sana katika pwani hii, kumegharimu miamba ambayo samaki wetu huzaliana, na ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, matumbawe hayaruhusiwi kuchukuliwa hata kidogo.

Ikiwa tumbo ni safi na uzito bado upo, kuna uwezekano wa maji yaliyofichika chini ya vibao vya sakafu. Kila taruma huwa na tundu dogo chini yake linalopitisha maji kuelekea mahali pa kufulia, na magamba ya samaki, mchanga na vipande vya kamba huliziba. Nahodha hufua penye banduru, yaani mahali hapo pa kufulia, akaona pamekauka, huku maji yamesimama kati ya mataruma ya omo, sehemu ya mbele ya mashua. Matundu hayo yazibuliwe kila baada ya safari kwa waya au kijiti. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na ikiwa mwenye chombo ana nafasi ya kufanya jambo moja tu kabla ya kwenda nyumbani, ningemshauri afanye hilo.

Matundu madogo na mlio wa uwazi

Dalili hii ndiyo inayopaswa kuogopwa kuliko zote. Mtobozi wa mbao za baharini, ingawa anafanana na mnyoo, ni jamii ya chaza: huingia kwenye ubao akiwa kiumbe mdogo mno kupitia tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hukua ndani na kuchimba njia inayofuata nyuzi za mti, akiipaka chokaa kuta zake. Kwa nje ubao huonekana mzima. Ukigongwa kwa mpini wa kisu, hutoa mlio wa kitu kitupu, na kisu kikisukumwa huzama ghafla. Hakuna unga wa kudondoka kama wa mchwa, kwa hiyo anayesubiri kuona unga atasubiri mpaka ubao uvunjike mikononi mwake.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kama kuipandisha mashua juu kwa siku mbili tatu kunatosha kuwaua. Hakutoshi. Mtobozi hufunga mlango wa tundu lake kwa vifuniko viwili vidogo na anaweza kuishi wiki kadhaa nje ya maji ya bahari, na uwezo huohuo humsaidia mto unapofurika na kupunguza chumvi. Wanaoegesha mashua katika mlango wa mto Lukuledi wakati wa mvua kwa matumaini kwamba maji baridi yatawaua wanapata nafuu kwa sehemu tu.

Njia ya wazee wa pwani, ya kuchoma chombo kwa makuti, ina maana nzuri ikifahamika inafanya nini. Moto wa makuti hauwafikii waliokwisha kuzama ndani ya ubao. Unawaua walioingia karibuni, ambao bado wako chini kidogo ya ngozi ya mti. Kwa hiyo nguvu ya njia hii iko katika kurudiwa kila bamvua au kila bamvua ya pili; anayechoma mara moja kwa mwaka anachoma ngozi tu na kuwaacha wenye nyumba salama ndani. Kazi hufanywa asubuhi kabla upepo haujaamka, baada ya tumbo kukwanguliwa na kabla ya deheni mpya kupakwa, kwa maana mafuta na moto havipaswi kukutana. Shada la makuti makavu hupitishwa taratibu chini ya ubao mpaka unyevu utoke na rangi igeuke, bila kuacha mti ushike moto, na mtu wa pili husimama na ndoo ya maji akiangalia mistari ya kalafati, kwa sababu pamba yenye sifa huwaka haraka. Tanga, kamba na vyombo vya mafuta ya injini ya akiba viondolewe mbali kabla.

Ubao uliokwisha kuliwa ndani hautibiki kwa kupakwa kitu chochote. Hubadilishwa. Wapo wanaotumia mafuta ya maganda ya korosho kama kinga ya mbao mpya, na kwa mikoa yenye korosho nyingi kama hii wazo hilo lina msingi, kwa kuwa mafuta hayo ni makali na wadudu huyakimbia. Lakini ukali huohuo hubabua ngozi na kuumiza macho, na hayapaswi kushikwa bila glavu. Anayehitaji taruma la mti wa mkoko akumbuke kwamba mikoko ni msitu uliohifadhiwa kisheria na hukatwa kwa kibali.

Ubao laini, harufu ya uvundo

Kisu kikizama katika ubao wa juu ya mstari wa maji, na mti ukatoka kwa vipande vya mraba au nyuzi nyepesi zenye rangi ya kahawia, huo ni uozo wa kuvu. Mahali pake panajulikana: chini ya kijisitaha cha omo ambako hewa haipiti, kwenye kikalio cha mlingoti, kwenye ncha za mbao zinapokutana na tezi (sehemu ya nyuma ya mashua), na chini ya chochote kilichoachwa ndani kwa muda mrefu, kama wavu mbichi au magunia. Kwa wavuvi kuna mahali pengine panaposahaulika, nako ni pale linapokaa sanduku la samaki. Barafu ni maji baridi. Inapoyeyuka safari nzima na kushuka chini ya sakafu, inafanya kazi ileile ya mvua, hata katikati ya kusi ambapo nahodha hana wasiwasi wowote wa mvua. Sehemu hiyo imwagiwe maji ya bahari kila baada ya kupakua, isuguliwe kwa kumbi la nazi, kisha ifuliwe na kuachwa wazi ipate upepo. Harufu mbaya ya ngama nayo hutibiwa hivyohivyo. Sabuni haihitajiki ikiwa uchafu wa chambo na damu umeondolewa siku hiyohiyo.

Wakati wa mvua mashua iliyopandishwa isifunikwe kwa turubai lililobana pande zote. Turubai la namna hiyo huzuia mvua lakini hufungia unyevu ndani, na baada ya mwezi mmoja mwenye mashua hukuta koga nyeupe kwenye mataruma. Kifuniko kizuri ni kibanda cha makuti au turubai lililoinuliwa juu ya foromali, boriti ya kufungia tanga, kama paa, huku omo na tezi zikiwa wazi. Omo iinuliwe kidogo kuliko tezi ili maji yanayoingia yakusanyike mahali pamoja, na kizibo cha chini kiondolewe ikiwa kipo. Mahali pa kuiweka pawe juu ya alama ya bamvua kubwa kabisa, na si ya kawaida tu: Kimbunga Kenneth kilichotua Cabo Delgado nchini Msumbiji mwezi Aprili 2019, na Kimbunga Hidaya kilichoifikia pwani yetu mwezi Mei 2024, vyote vilikuja mwishoni mwa msimu wa mvua, wakati ambapo wengi huwa wameanza kuteremsha vyombo vyao karibu na maji.

Uozo mdogo huchongwa mpaka mti mzima, hukaushwa, na pengo hutiwa kipande cha mti wa aina ileile. Kupaka rangi juu ya uozo ni kuufungia unyevu ndani ya ubao, na uozo huendelea bila kuonekana.

Tanga lina madoa, linachanika au limelegea

Madoa meusi au ya kijivu kwenye tanga la pamba ni koga, na husababishwa na kukunjwa likiwa bichi. Linaweza kuonekana kavu kwa juu huku pindo na mishono ikiwa na maji, kwa hiyo mkono upitishwe kwenye pindo kabla ya kukunja. Koga iliyoanza karibuni hutoka kwa sabuni ya kipande na brashi laini, kisha tanga likaanikwa. Dawa za klorini za kutolea madoa huondoa rangi ya doa lakini hudhoofisha uzi wa pamba, na kwa uzi wa nailoni madhara yake ni makubwa zaidi. Tanga hurudi likiwa jeupe na kuchanika katika dhoruba ya kwanza.

Wanaoshona matanga kwa maturubai au kwa kitambaa cha viroba hawasumbuliwi sana na koga, ila adui wao ni jua. Dalili yake ni kitambaa kutoa vumbi jeupe kinapokunjwa na kukatika kama karatasi kwenye mkunjo. Hilo halina tiba. Kinachowezekana ni kulichelewesha kwa kulishusha tanga kutoka kwenye foromali mara safari inapokwisha, au walau kulizungushia kwenye foromali na kulifunika kwa kitambaa cha zamani, badala ya kuliacha liote jua la saa sita katika ufuo wa Shangani, Mtwara, mpaka kesho yake.

Tanga linalochanika kwenye mshono huku kitambaa kikiwa kizima lina uzi uliooza au uliokatwa na chembe za chumvi na mchanga. Hapa usuuzaji kwa maji baridi ndio kinga yenyewe, lakini maji hayo yaonjwe kwanza, maana visima vingi vilivyo karibu na ufuo vina chumvichumvi na kusuuza kwa maji ya namna hiyo ni kazi bure. Tanga likishasuuzwa lianikwe kivulini kati ya minazi miwili, likiwa limefungwa pembe zote. Lisiachwe lipigepige kwa upepo wa kusi ili likauke upesi; kupigapiga kwa saa moja huchosha nyuzi kuliko safari ya siku nzima. Tanga lililolegea tumboni, linalozuia mashua kupanda upepo, yaani kusonga kuelekea unakotoka upepo, hata demani (kamba ya kuvutia tanga) ikivutwa mpaka mwisho, kwa kawaida limevutika kwa kubeba mzigo wa upepo likiwa limelowa, na mshonaji anaweza kulipunguza kwenye mishono bila kushona jipya.

Kamba, makapi na usukani

Kamba ya henza, ile ya kupandishia tanga, ikikakamaa ina chumvi. Ilowekwe katika maji baridi usiku mmoja na kuanikwa kivulini. Ikibaki ngumu na yenye nywele baada ya hapo, ifunguliwe nyuzi zake kwa kidole: ndani pakiwa na unga au rangi ya kijivu, iondolewe kwenye henza na itumike kufungia vitu visivyohatarisha maisha. Kapi lisilozunguka huila kamba mahali pamoja, na alama yake ni sehemu ya kamba iliyong'aa na kuwa bapa. Ekseli yake isuguliwe kutu na kupakwa mafuta ya wanyama au grisi kidogo. Mafuta ya kupikia hunasa mchanga na baada ya siku chache hugeuka kuwa gundi.

Usukani unaogonga ukiwa majini una bawaba zilizolika. Mwenye mashua aushike kwa mikono miwili na kuutikisa mashua ikiwa juu: ukicheza kwenda mbele na nyuma, tatizo ni pini, na pini hubadilishwa kwa bei ndogo, ukicheza pamoja na bawaba yenyewe, misumari inayoishikilia kwenye tezi imelegea na ubao wa nyuma yake uchunguzwe kwa kisu kabla ya kukaza chochote. Kana, yaani mkono wa usukani, ikipasuka kwenye tundu lake isifungwe kwa waya, kwa sababu waya huficha ufa usionekane ukikua, na mkono wa usukani unaovunjika katika mkondo wa mlango wa Msangamkuu, karibu na Mtwara, huiacha mashua ikielekea kwenye mwamba. Kwa wenye ngalawa, kamba zinazofunga mirengu, yaani mihimili ya pembeni, zikaguliwe wakati huohuo, zikiwa kavu, kwa kuwa zikilowa hukaza na kuficha ulegevu. Fundo linalosogea kwa kidole likiwa kavu lifunguliwe lote na kufungwa upya, wala lisiongezewe kamba juu yake.